Jeneza la Kufuli Mbili

Asubuhi moja ya masika, mwaka wa sitini na moja, Mwanamize alikaa barazani kwake Msuka akichana bafta ya sanda. Alitoa vipande vyembamba vya kufungia, kimoja cha kichwani na kimoja cha kiunoni, kisha akatoa na cha miguuni, jambo ambalo hakulifanya tangu uchaguzi wa Januari. Tangu siku hizo maiti wa Msuka walikuwa wakienda makaburini kwa miguu yao wenyewe, na sanda iliyofungwa chini ingewaangusha njiani.

Zamani, wala si zamani sana, palikuwa na Jumuiya ya Kuzikana. Ilianzishwa mwaka wa ndui, watu walipokuwa wakifa nyumba hadi nyumba, na haikuwa na mshahara wala ofisi. Mbiu ikilia, aliyekuwa juu ya mkarafuu alishuka, na mwenye jembe alikuja na jembe. Bakar aliongoza wachimbaji. Marhoun alitunza jeneza katika kibanda cha msikiti. Mwanamize aliwaosha wanawake na kukata sanda za wote. Jeneza lilipokezanwa bega kwa bega, kila mmoja hatua chache, hata maiti mnene akafika kaburini kama hana uzito. Ilipendeza kutazama, Mungu atusamehe, maana maziko si kitu cha kupendeza.

Kisha zikaja siasa. Hapakuwa tena na watu wa Msuka, palikuwa na wa dukani na wa skuli, kila upande na chama chake na baraza yake ya kukutania. Waligawana visima, wakasusiana harusi, wakanyimana hata salamu. Watu waliokula sinia moja tangu utotoni walipishana njiani kama mbuzi. Kibanda cha jeneza kikatiwa kufuli mbili, moja ya Bakar kwa niaba ya wa dukani, nyingine ya Marhoun kwa niaba ya wa skuli, na kila mmoja akaapa hafungui mpaka mwenziwe atangulie.

Wa kwanza kwenda kwa miguu alikuwa Mzee Silima. Alioshwa, akavishwa sanda, akasaliwa, akalala kungoja wachukuzi. Wa dukani walisema wanawe ni wa skuli. Wa skuli walisema mwenyewe alikuwa wa dukani. Jua lilipopinda, Mzee Silima aliinuka kitako, akajitoa pamba puani, akasema, "Basi n'ende mwenyewe," akaenda. Shehe alipekua vitabu vyake, asione palipokatazwa. Watu walilalamikia jambo moja tu, kwamba alikwenda mbio mno kwa mtu wa umri wake.

Ikawa ndiyo ada. Maiti alichukua jembe lake, akachimba, akalala kwa ubavu wa kulia kuelekea kibla, na jamaa mmoja akamwekea mbao za viunza juu na kufukia udongo. Bakar alisema haya ni maendeleo, hapana tena anayepotezewa kutwa nzima ya kazi. Marhoun alisema maneno hayo hayo kwa wenziwe wa skuli. Jumuiya haikuvunjwa na mtu, iliachwa tu, kama nyumba iliyohamwa.

Sanda ya asubuhi ile ilikuwa ya Khairiya, mdogo wake Mwanamize. Khairiya hakupata kusimama tangu kuzaliwa. Alijiburura kwa mikono, na kwa mikono hiyo alisuka mikeka iliyolaliwa na nusu ya maharusi wa mji. Siku ya kura wa dukani walimpeleka kwa gari lao, wa skuli wakamrudisha kwa lao, na njia nzima walimwita Bi Khairiya, Bi Khairiya. Alipoulizwa kura kampa nani, alicheka. Hata dada yake hakumwambia. Sasa homa ilikuwa imemchukua, na kicheko kile ndicho kilichomponza.

Mwanamize alitaka jambo moja tu, mdogo wake abebwe. Alipokwisha kumwosha na kumvisha sanda, akajitanda buibui, akaenda kwa Bakar.

"Kaka Bakar, naomba jeneza. Khairiya hana miguu, wajua."

"Pole, Bi Mwanamize. Lakini yule aliwapa kura wa skuli. Nawamzike wao."

"Nani kakwambia?"

"Walomrejesha nyumbani n'nani?"

Marhoun alimkaribisha vizuri zaidi. Alilia, tena machozi ya kweli.

"Bi Khairiya ndiye alonsukia nkeka wa harusi yangu," alisema. "Lakini nkifungua kufuli kwa ntu wa dukani, kesho wenzangu watan'onaje?"

"Si ntu wa dukani. Ni ntu alokufa."

"Wa upande gani, basi?" aliuliza Marhoun, na kwa kweli alitaka kujua.

Mwanamize angeweza kumdanganya mmoja wao, lakini kufuli zilikuwa mbili. Akarudi nyumbani. Shehe alikuwa ameshakuja kumsalia maiti mlangoni, maana sala haikutiwa kufuli, na ameshakwenda zake. Khairiya alikuwa amekwisha kuketi.

"Wamekataa?"

"Wamekataa."

"Haya, dada, n'shushe."

Mwanamize alijaribu kumbeba mgongoni, akashindwa kuvuka kizingiti. Basi Khairiya akaenda kama alivyokwenda siku zote, kwa mikono, matopeni. Mwanamize alimfuata nyuma, mkono mmoja umeinua pindo la sanda lisichafuke, mwingine umeshika jembe, naye analia kwa sauti bila kujali nani anasikia.

Njia ilipita baina ya duka na skuli. Wanaume wa pande zote mbili walisimama, kama inavyopasa jeneza likipita. Walisimama wima, wakaweka vikombe vya kahawa chini, wakarehemu. Alipokwisha kupita, walikaa.

Mwanamke haingii makaburini wakati wa maziko. Mwanamize aliingia, na hakutokea wa kumkemea.

Khairiya alichimba vizuri, kuta zimenyooka. Akateremka, akalala. Mwanamize akaanza kupanga viunza kutoka miguuni. Alipofika usoni, mdogo wake alisema:

"Talkini n'nani atansomea?"

"Hapana ntu. Malaika wakikuuliza, jibu kama tulivyofunzwa chuoni. Mola wako, Mtume wako, kibla chako."

"Na wakiniuliza upande?"

Mwanamize alitaka kusema kwamba huko hawaulizi upande. Lakini hakuwa na hakika tena, na alikuwa amechoka.

"Waambie wewe wa Jumuiya ya Kuzikana."

"Ishakufa hiyo, dada."

"Nawe ushakufa," alisema Mwanamize, akaweka kiunza cha mwisho.

Alifukia peke yake mpaka magharibi ikakaribia. Alipokuwa akirudi, Bakar alimfuata njiani akampa mkono wa tanzia, na mbele kidogo Marhoun naye akampa wake. Kila mmoja alimwombea subira, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini kama marehemu, mwishoni kabisa, alisema kampa nani.