Kiendeshi Kilichofungiwa Ndani ya Flash

Skrini ya mashine ilikuwa nyeusi tii, isipokuwa mstari mmoja mweupe uliodai kwamba diski haikupatikana. Fundi aliusoma mara mbili, damu ikamchemka. Haikupatikanaje, na flash yenye programu zote za mashine ile pale, imechomekwa mbele ya macho yake?

Mashine hiyo ya kupimia damu ilikuwa imerudishwa na maabara ya hospitali asubuhi ile, pamoja na maneno makali. Kaka yake, mwenye karakana, hakusita. Alimwambia daktari kwenye simu kwamba mdogo wake wa kike ndiye aliyeharibu, na daktari akaapa kwamba binti huyo hatagusa tena mashine zake. Yeye, ambaye kazi yake haijawahi kurudi hata siku moja!

Aliunganisha waya kutoka kwenye bodi hadi kwenye kompyuta yake, akafungua mipangilio ya kiini cha mfumo, programu ya msingi inayowaka kwanza. Hapo akaona kilichofanyika. Kiendeshi cha milango ya USB, kijiprogramu kinachoiwezesha mashine kusoma kilichochomekwa humo, kilikuwa kimeondolewa ndani ya kiini, kikawekwa kuwa faili la kando, na faili lenyewe likahifadhiwa kwenye flash. Mashine haiwezi kuisoma flash bila kiendeshi, na kiendeshi kimo humo humo kwenye flash. Ni sawa na kufunga mlango ukaacha funguo ndani.

"Kaka, nani amegusa mipangilio yangu?"

"Nilipunguza uzito wa kiini kidogo tu," kaka alijibu bila kuinua uso. "Nilitaka iwake upesi."

"Ukapunguza bila kuniuliza, halafu lawama ukanibebesha mimi?"

"Sasa mbona unanijia juu, mdogo wangu? Tengeneza, yaishe."

Yaishe! Hata hivyo alikirudisha kiendeshi mahali pake, akakiunda kiini upya na kukipakia kwenye bodi. Mashine ikawaka, flash ikasomeka.

Simu ya kaka ikaita. Alikuwa daktari.

"Mwambie ukweli," fundi alisema.

Kaka alipokea huku akicheka kicheko chake cha wateja. "Tayari, daktari. Msamehe tu, bado anajifunza."

Fundi alisimama mbele yake, akanyoosha mkono. "Nipe hiyo simu."

Kaka aliibana kifuani. "Ngoja kwanza, tutazungumza," alinong'ona.

Daktari alisikika akiita, halo, halo, na mkono wa fundi haukushuka.