Jibu la Mgonjwa Mwenyewe

Mume wangu haumwi. Muulize yeyote. Ni fundi seremala, watu wanamwita Futi kwa sababu hutamkuta bila futi yake ya kupimia mfukoni. Mwaka juzi aliangukiwa na ubao kwenye dole gumba, kucha ikang'oka, na jirani alipomuuliza hali akajibu, "Nzuri tu, sijui wewe." Na damu inachuruzika! Huyo ndiye niliyeolewa naye.

Kwa hiyo kichwa kilipoanza kumsumbua, niliambiwa na mikono yake, si mdomo. Nyundo ikawa inamponyoka. Meza aliyoiunda ikayumba. Nikamburuta hospitali. Daktari akamgonga magoti, akamwangalia macho, akasema huenda kuna kitu kichwani na kinakua. Apigwe picha kwenye ile mashine kubwa, na upesi. Kiwanda cha samani anakofanya kazi kimemkatia bima, basi daktari akatuma maombi. Bila bima, picha ile hatuiwezi hata nikiuza cherehani yangu.

Siku ya nne tukajibiwa: ombi limekataliwa.

Mimi subira sikujaliwa. Nilifika ofisi ya bima mlango haujafunguliwa. Dirishani alikaa binti mwenye miwani.

"Mama, mgonjwa alipigiwa simu juzi," akasema, macho kwenye kompyuta. "Aliulizwa hali, akasema nzuri. Akaulizwa maumivu, akasema ya kawaida tu, anamshukuru Mungu. Ndiyo maana wameona kipimo si cha lazima."

Damu ikanichemka. "Mwanangu, leo asubuhi jirani alipokuuliza hali, ulimjibuje?"

"Nzuri."

"Na kweli ni nzuri?"

Akavua miwani, akaifuta kwa mkono wa blauzi. "Mtoto wangu hajalala. Ana homa."

"Haya, hilo nalo liandike kwenye kompyuta yako."

Hakuandika, ila alinionea huruma. Akaniambia Futi atapigiwa tena ndani ya siku saba. Lakini ajibu mwenyewe, hakuna kumsemea.

Nikageuka mwalimu. Kila jioni nilimketisha mezani, nikaweka kijiko sikioni kama simu.

"Halo, mzee, hali yako?"

"Nzuri t..."

"Futi!"

"Sasa mke wangu, mtu simjui, hata salamu haijaisha, nimmwagie shida zangu? Si adabu."

"Adabu hiyo utazikwa nayo!" Nikaangua kilio. Yeye akacheka, akasema, "Basi, yaishe, nitamwambia mbaya." Siku ya tatu akaweza: "Mbaya. Kichwa kinapasuka. Mkono umekufa ganzi." Nilimkumbatia utadhani amepona.

Siku ya sita aliamka mdomo umekwenda upande. Alinyoosha kidole kwenye mtungi, nikajua anataka maji, lakini neno halikuja. Nikawa natafuta viatu vyake nimkimbize hospitali, na hapo simu yake ikaita. Nikaipokea, nikaiweka kwenye spika, nikaishika mbele yake. Nilikuwa na akili gani, sijui.

"Habari ya asubuhi, mzee. Tunapiga kutoka bima. Hali yako inaendeleaje?"

Akanitazama. Jibu alilijua, naapa alilijua. Midomo ikahangaika, jasho likamtoka, na lile neno alilolijibu maisha yake yote likatoka lenyewe, safi kabisa.

"Nzuri."

"Na maumivu je?"

Akatikisa kichwa, akapiga meza kwa mkono uliobaki na nguvu. "Nzuri. Nzuri."

"Hawezi kuongea!" nikapiga kelele. "Mdomo umepinda, neno lililobaki ni hilo hilo tu, jamani nisikilizeni!"

"Samahani, mama, tunatakiwa kuchukua jibu la mgonjwa mwenyewe, na tumeshalipata. Tunafurahi kusikia anaendelea vizuri."

Simu ikakatika.

Nilipiga magoti nimvalishe viatu.

"Pole, baba," nikamwambia. "Nisamehe."

Akanishika bega kwa ule mkono mzima.

"Nzuri," akasema, huku analia.