Michirizi ya Begani

"Geukia mlangoni, nione vizuri," Mama Florentine alisema. Norbert akageuka, shati likiwa mkononi, mgongo wake ukitazama mwanga wa uani.

Wanawake watatu waliokuwa wakingoja kwenye benchi na watoto wao waliacha kuongea. Hawakuwahi kumwona mwanamume akivua nguo katika nyumba ile. Kwa miaka kumi na tisa Mama Florentine alikuwa akiwakanda wazazi wapya wa mtaa wa Mulongwe, mjini Uvira, viuno, matumbo, miguu iliyovimba. Alijulikana pia kwa michirizi, ile mistari inayobaki tumboni na mapajani ngozi ikishavutwa kupita uwezo wake. Wanawake walimjia ili aipunguze. Wanaume walifika pale kumwita tu, mke akishajifungua.

Aliweka kidole gumba juu ya bega la kulia, akakishusha taratibu mpaka kwapani. Upande ule mistari ilikuwa minane, upande wa pili saba. Ilipita kwa mshazari, mipana kama majani ya mpunga, myeusi yenye wekundu ndani yake. Mahali pengine ilikuwa imeanza kuwa myeupe.

"Uko na miaka ngapi?"

"Makumi mbili na mbili."

"Kazi?"

"Kupakiza. Kwa depo, kule Kavimvira. Simenti, mchele, chumvi."

"Ulianza lini?"

"Nikiwa na kumi na tisa."

"Basi mwili ulikuwa bado unakua, na mifuko ikaukuza haraka. Nyama ilikimbia, ngozi ikabaki nyuma." Alisema hivyo bila kuondoa kidole. "Ni kitu kimoja na cha mimba. Weye ulibebea kwa mabega."

Mwanamke mmoja kwenye benchi alicheka.

"Nataka itoke," Norbert alisema.

"Inakusumbua nini? Bibi yako anaikataa?"

"Hapana, mama. Ni watu wa bariere."

Yule mwanamke alimhamisha mtoto kutoka ziwa moja kwenda jingine, akatazama chini.

Miezi saba kabla ya siku hiyo, mto Mulongwe ulikuwa umeingia katika chumba chao na kutoka na godoro. Noella, mke wake, alikuwa na mimba changa, kwa hiyo Norbert akampeleka Luvungi, kwa mama mkwe, akae huko mpaka papatikane mahali pengine pa kupanga. Yeye angelala depo. Wakati wa kurudi peke yake, wenye bunduki walimsimamisha kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, na kumwambia avue shati. Walitazama mabega yake kwa muda mrefu. Mmoja akasema hii ni alama ya mkanda wa bunduki, bunduki iliyobebwa miaka. Mwingine akasema hapana, ni chale, huyu amechanjwa dawa ya vita. Walibishana kidogo. Kisha, kwa kuwa hawakuafikiana, wakamfungia katika kontena.

Alikaa humo siku nne. Hawakumpiga sana. Mchana bati lilikuwa moto mpaka hakuweza kuliegemea, na asubuhi lilitoa jasho, akawa anapitisha kiganja ukutani na kukilamba. Siku ya nne mzee Bonaventure, mwenye depo, alifika na karatasi yenye muhuri, wakamtoa. Norbert alipanda gari la mzee, akajibu kila alichoulizwa. Kesho yake alirudi kwenye kazi ya kupakia, na aligundua kwamba mfuko wa simenti ulipotua begani hakusikia kitu. Aliona tu magoti yakikunjwa na kukunjuka, kama magoti ya mtu mwingine.

Hata Noella alipompigia simu kumwambia amejifungua, ilikuwa hivyo hivyo.

"Ni msichana," Noella alisema.

"Vizuri."

"Mama amemwita Jeancy. Umesikia?"

"Nimesikia. Vizuri."

Kwenye simu Norbert alisikia sauti ndogo ikikohoa. Lori lilikuwa limejaa nusu tu. Alirudisha simu mfukoni, akaingia tena kwenye foleni. Jioni alijaribu kuitafuta furaha, kama mtu anayepapasa mifuko yake akitafuta kitu alichotoka nacho asubuhi, na hakuipata.

Wiki tatu baadaye ndipo alipovuka ua wa Mama Florentine.

"Na hapa ulipaka nini?" Mama Florentine aliuliza. Kwenye bega la kushoto palikuwa na doa jeupe lenye ngozi nyembamba kama ya kovu la moto.

"Tibu. Krimu ya kung'arisha. Waliniuzia pale mpakani. Walisema inafuta kila kitu."

"Usipake tena. Ile inakula ngozi, na ngozi ikiliwa inachanika zaidi. Nimeona wasichana hapa, mapaja yamekwisha kabisa ju ya tibu zile." Alifuta mikono kwenye kitenge. "Mimi nitakuambia ukweli. Haitaisha. Ile bado nyekundu itafifia. Ile imeshakuwa nyeupe itabaki nyeupe. Ukivumilia miezi mitatu, muntu hataiona kwa mbali."

"Na kwa karibu?"

"Kwa karibu ataiona, akiwa anaitafuta."

Norbert alifikiri. "Inatosha," alisema.

Alikuwa akienda Jumanne na Jumamosi, kabla ya malori ya mchana. Mama Florentine alipasha mafuta ya mise kwenye kijiko, yale mafuta meusi yanayotoka kwenye kokwa za mchikichi, yenye harufu ya moshi, akayasugua kwa vidole viwili, duara kwa duara, mpaka ngozi iyanywe. Siku nyingine Norbert alijipaka mwenyewe, asubuhi na jioni. Alikatazwa kutembea kifua wazi juani, kwa kuwa jua huunguza ngozi nzima na kuiacha ile michirizi ijionyeshe. Alikatazwa pia kubeba, lakini hilo halikuwezekana, basi Mama Florentine akamshonea pedi ya blanketi kuukuu ya kuweka chini ya mfuko. Wapakiaji wenzake walinusa yale mafuta na kumwita mama mzazi. Hakukasirika. Hakucheka pia.

Siku moja, katika mwezi wa pili, Mama Florentine alimfinya nyama ya begani kwa kucha.

"Inauma?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Sijui, mama."

Alizunguka, akasimama mbele yake, akamtazama usoni kama alivyozoea kuwatazama wazazi wanaokataa kumshika mtoto.

"Ngozi iko mzima," alisema. "Ni weye hauko hapa."

Norbert alivaa shati.

Mwezi wa tatu ulipokwisha, mistari ilikuwa imefifia kuwa kama mikunjo ya nguo iliyolaliwa. Mama Florentine alirudi hatua tano, akafinya macho, akasema sasa anaweza kwenda kumwona mtoto wake. Norbert alinunua sabuni, sukari na nguo mbili ndogo za manjano, akatafuta pikipiki.

Dereva aliitwa Achille, mzaliwa wa Luvungi, mtu aliyeijua barabara ile kwa kila shimo. Waliondoka asubuhi. Mwaka ule vizuizi vilikuwa vimebadilisha wanaovishika mara mbili, sare zikabadilika na bendera pia, lakini maswali yalikuwa yale yale. Cha kwanza walikipita bila kushuka. Cha pili kilikuwa kabla ya daraja: kamba iliyofungwa vitambaa, turubai, na nyuma yake kijumba cha bati chenye kufuli. Wanaume waliotoka pande zote mbili walipangwa mstari mmoja, mashati mkononi.

Norbert alisimama na kutazama mbele. Aliyewakagua alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimtazama bega la kulia, la kushoto, viganja.

"Unafanya nini?"

"Napakiza mizigo, chef. Depo."

"Pita."

Basi. Miezi mitatu ya mafuta ilikwisha kwa neno moja. Norbert alipita chini ya kamba huku akifunga vifungo, akingoja kitu kimshuke kifuani, hofu kuondoka au shukrani kufika. Hakikushuka kitu.

Nyuma yake sauti ya yule kijana ilibadilika.

"Weye. Hii iko nini?"

Norbert aligeuka. Mtu wa nyuma yake kwenye mstari alikuwa mwanamume wa miaka kama thelathini, mnene wa shingo, aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya makaa. Mabega yake yalikuwa na michirizi mipana, myeupe, ya zamani.

"Ni mwili tu, chef. Ni mizigo."

"Mwili wa nani unachanika hivi? Huu ni mkanda."

"Mimi ni Basile, wa makaa. Uliza kila muntu hapa barabarani."

"Kaa chini."

Basile alikaa chini. Mwenye bunduki mwingine aliichukua baiskeli yake, akaiegemeza kwenye kijumba cha bati, akaanza kutafuta ufunguo katika mifuko ya suruali.

"Panda," Achille alisema kwa sauti ya chini. "Panda twende, ndugu yangu."

Norbert alipanda. Walivuka daraja, wakapita shamba la mihogo, kisha nyumba tatu zisizo na milango. Alikuwa akitazama shingo ya Achille, jasho likishuka kwenye kola.

"Simama," alisema.

"Umesahau nini?"

"Simama tu."

Achille alisimama lakini hakuzima injini. "Mtoto iko anakungoja kule. Miezi ine. Weye uko na akili?"

"Ngojea hapa na mfuko. Jua likifika pale juu, enda. Umpe Noella."

Alitembea kurudi. Hakuwa na haraka na hakujiuliza atasema nini. Kijana wa kizuizi alipomwona alishika bunduki yake kwa mikono miwili.

"Weye ulishapita."

"Ndiyo, chef."

"Sasa unarudi kufanya nini?"

"Huyu muntu, ile alama yake iko ya mizigo. Minye niko nayo pia." Akavua shati.

Kijana alimtazama. "Sioni kitu."

"Iko. Nilipaka dawa, ndiyo maana imefifia. Ukinigeuza upande wa jua utaiona."

"Kwa nini ulipaka dawa?"

"Ju ya bariere."

Lilikuwa jibu baya, naye alilijua likiwa bado mdomoni. Wawili wengine walisogea. Walimgeuza juani, wakainama, mmoja akapitisha kidole gumba begani mwake, akishuka na kupanda katika vile vibonde vidogo ambavyo mafuta hayakuweza kuvijaza. Basile alikuwa akimtazama kutoka chini, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesemeshwa kwa lugha asiyoijua.

Mkubwa wao alitoka chini ya turubai akitafuna. Walimweleza. Alitazama mabega yote manne.

"Wapakiaji," alisema. "Kila siku naletewa wapakiaji." Akaelekeza kidevu kando ya barabara, kwenye rundo la magunia ya mchanga yaliyokuwa yanangoja kujengwa ukuta wa kuizunguka kambi yao. "Bebeni basi."

Norbert alikunja shati lake mara nne, akaliweka penye shingo. Alichuchumaa. Basile, bila kuambiwa, aliinua gunia la kwanza kwa ncha, akalilaza juu yake, na Norbert akatoa pumzi yote wakati uzito ulipofika, akainuka kwa mapaja, mkono mmoja tu ukigusa gunia ili lisiteleze. Hakulishika kwa nguvu. Asiyejua kazi hiyo hulikumbatia gunia, na mikono humwishia katika safari ya tatu. Basile naye alibeba vile vile, kichwa kimeinamishwa kulia, hatua fupi, kisigino kikitangulia. Mkubwa alisimama akihesabu kwa macho safari sita, saba. Kisha akakaa. Kisha akarudi chini ya turubai.

Rundo lilikuwa refu. Jua lilipanda juu kabisa na kuanza kushuka, na hakuna aliyewapa maji. Mchanga ulivuja kutoka kwenye mshono wa magunia, ukaingia chini ya shati lililokunjwa, ukasugua ngozi mpaka ikachubuka. Mara moja, walipopishana, Basile aliuliza, "Unatoka wapi?" na Norbert akajibu, "Mulongwe," na walipopishana tena Basile akasema, "Minye nina dada kule."

Magunia yalipokwisha mkubwa alitoka, akazunguka ukuta mpya, akausukuma kwa mguu kuona kama umesimama.

"Muende," alisema.

Basile alichukua baiskeli yake. Gunia moja la makaa halikuwepo tena, naye hakuliuliza. Alimshika Norbert mkono, akaushika kwa muda, akaondoka akisukuma kuelekea Uvira.

Norbert alivuka daraja. Kwenye nyumba zisizo na milango alijaribu kuvaa shati, na mkono ulipofika usawa wa sikio maumivu yakamkata kutoka shingoni mpaka kwenye kiwiko. Alisimama. Alijaribu tena, na maumivu yakaja tena, mahali pale pale, makali. Alibaki hapo katikati ya barabara akipumua kwa mdomo, macho yamejaa maji, mkono mmoja ndani ya shati na mmoja nje.

Achille alikuwa bado pale, amelala juu ya pikipiki yake chini ya kivuli cha ukuta, mfuko ukiwa kichwani kama mto.

"Nilisema naenda," alisema, akijinyoosha. "Pikipiki ikakataa."

Walifika Luvungi jua likiwa limeshapita upande wa milima ya magharibi, na ua wa mama mkwe ulikuwa nusu kivulini. Noella alitoka jikoni na mtoto mkononi. Aliliona shati lililoning'inia upande mmoja, akayaona mabega.

"Walikupiga?"

"Hapana. Nilibeba."

Noella alimnyooshea mtoto, lakini Norbert alirudi nyuma hatua moja, akaonyesha mchanga uliomganda mpaka kwenye nyusi. Basi Noella akamkalisha Jeancy juu ya mkeka, akamzungushia kitenge asianguke, akaleta beseni. Norbert alipiga magoti. Kikombe cha kwanza kilishuka mgongoni mwake, maji yakatua kwenye beseni yakiwa mekundu, na mtoto, aliyekuwa hajawahi kumwona, aliacha kunyonya ngumi yake na kumkazia macho. Norbert alisaga meno, akamtazama pia. Noella akachota kikombe kingine.