Wazee kwa Ujumla

Mtaani walimwita Dhana. Ukimwambia bomba linavuja, angekueleza maana ya uvujaji katika maisha ya binadamu, na bomba likaendelea kuvuja. Alikuwa mwalimu wa chuo. Mkewe, fundi cherehani, alishazoea: chumvi kwenye chai, viatu visivyofanana, pasi iliyounguza meza.

Siku mama yake fundi alipofanyiwa upasuaji wa macho, fundi alikuwa amezidiwa na sare za shule. Akamwomba mumewe akamchukue mama hospitali.

"Tafadhali usisahau."

"Nimsahau mama mkwe? Mimi?"

Jioni, redio ya dukani kwa fundi ikamleta Dhana mwenyewe, katika kipindi cha jamii. "Mzee si mtu tu," alisema kwa sauti tamu. "Mzee ni kumbukumbu yetu. Jamii inayomwacha mzee wake imejiacha yenyewe." Wateja wakatikisa vichwa kwa kuguswa. Fundi akaona fahari, akampigia mama simu ili naye afungue redio.

"Redio gani, mwanangu? Mimi bado niko hospitali."

Fundi alimkuta kwenye benchi la nje, macho yamefungwa bandeji, mikono imekumbatia mkoba. Gauni lilikuwa limelowa. Mama aliona haya kumwomba mpita njia amshike mkono hadi chooni, na namba za simu hakuweza kuziona.

"Mkwe alisema anafuata gari, nisiondoke," mama alisema. "Labda foleni."

"Ndiyo, mama. Foleni."

Dhana alirudi nyumbani amechangamka. "Mmenisikia?" Kisha akaliona lile gauni likining'inia kwenye kamba. Uso ukamshuka, akaketi. Fundi akangoja aombe radhi.

"Unajua," Dhana alisema polepole, "kusahau ni jambo la ajabu. Mtu anaposahau, anasahau nini hasa?"

"Mama yangu," fundi akajibu. "Umemsahau mama yangu."

Akafungasha nguo chache, akamshika mama mkono, wakaenda kwa kaka yake.

Asubuhi, fundi alipokuwa akimtia dawa ya macho, mama akauliza, "Mumeo kapiga simu?"

"Kapiga."

"Kasemaje?"

Alikuwa ameuliza shati lake la bluu liko wapi.

"Anakusalimia," fundi akasema. "Inua kichwa kidogo, mama."