Somo la Kuharibu Kiswahili

Pikipiki ilikuwa imeshaiacha Base Camp, kitovu cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, vumbi la barabara ya Kabingo limeshawajaa puani Edirisa na abiria wake Benitha, ndipo Edirisa alipoanza tena somo.

"Wewe mtu wa wapi?" alipaza sauti bila kugeuka, akijifanya afisa wa polisi.

"Mama yangu ni mwenyeji wa Kabingo, afande."

"Aa! Hiyo Kiswahili ya redio. Sema: mama yangu iko mutu ya Kabingo."

"Mama yangu iko mutu ya Kabingo."

"Sasa unaongea kama Munyankore aliyekanyagwa na ng'ombe. Safi, nyabo!" Yaani, safi, bibie.

Benitha hakucheka. Wiki ya tatu hii alikuwa akijifunza kuharibu maneno. Edirisa, mchuuzi wa Mbarara aliyenunua maharage yao kila msimu, alimwambia kwamba kwenye usaili wa polisi Mkongomani hukamatwa kwa ulimi, kwa kuwa Kiswahili cha wenyeji ni cha kuvunjikavunjika. Naye Benitha hakuwa mwongo. Marehemu mama yake alikuwa Munyankore, kabila la wenyeji, na kitambulisho cha taifa alikipata kwa haki. Ila alikulia Nakivale, kwa watu wa baba yake, Wakongomani. "Fasi" na "mingi", maneno ya Kikongomani, alishayang'oa kinywani. Mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho umri wake kumruhusu kuomba upolisi.

Alfajiri hiyo, kabla ya safari, baba yake, Vénant, alimfunga kamba za viatu kama mtoto wa shule, akasema, "Bakikuuliza juu ya papa, sema alikufaka."

Uwanjani Kakiika, Mbarara, waombaji walipimwa urefu, wakakaguliwa meno, wakakimbizwa. Kijana aliyemtangulia mezani alijieleza, "Mimi iko Muhammed, mimi nakimbia mbio mpaka mbio nachoka!" Maafisa walicheka hadi meza ikatikisika. Wakampitisha.

Zamu ya Benitha ikafika.

"Baba iko wapi?" afisa aliuliza.

"Nakufa zamani, afande."

Alilisema bila kusita. Alingoja moyo umuume, haukuuma.

Afisa alilinganisha kitambulisho na barua ya mwenyekiti wa kijiji, akagonga muhuri, akamnyooshea karatasi. "Enda kwa daktari."

"Aksanti, afande."

Karatasi ile Benitha aliivuta, afisa hakuiachia.

"Umesema nini?"

"Asante."

"Hapana. Ile ya kwanza." Hakuwa na hasira. "Wakimbizi wote wananishukuru hivyo. Nyabo, kazi hii ya wananchi."

Benitha akanyoosha mgongo. Kiswahili chake kikatoka kizima, jinsi alivyokizoea. "Mimi ni mwananchi, afande. Mama yangu alizaliwa Kabingo na amezikwa huko. Na baba yangu hajafa. Anaitwa Vénant, analima maharage Nakivale."

"Kumbe!" Afisa alitafuta kalamu, uso umemchangamka. "Basi umedanganya serikali."

Akaandika hivyo, na karatasi ya daktari akabaki nayo.

Siku hizi Edirisa bado ananunua maharage, na amepata mwanafunzi mwingine. Vénant analima, magoti yanamsumbua. Afisa alihamishwa, hakuna ajuaye wapi. Muhammed alimaliza mafunzo, akaletwa kituo kimoja cha polisi huku Nakivale. Mkongomani akifika na shauri, Muhammed haelewi nusu ya maneno, hivyo hutuma mtu amwite Benitha. Benitha huja, husimama kati yao, hufasiri mpaka mwisho. Muhammed humpa soda. Jina la Benitha haliandikwi popote.