Doa la Gidioni

Siku ya tatu ya mazoezi, wachezaji wote wanane walikuwa wameshamchoka Gidioni.

Mazoezi yenyewe yalifanyika nyuma ya nyumba ya Priska kule Rau, pale pale alipouzia mbege, pombe ya ndizi, kwa hiyo kila aliyeshika kata alikuwa pia mkosoaji. Priska hakujali. Nyumba isiyo na watu ilimtia homa. Mwaka ule wa 1998 yeye ndiye aliyetunga mchezo wa kigango cha kanisa, wa kijana Gidioni aliyerudi mlimani kumzika baba yake, na kila aliyemuuliza alisimuliwa mwisho kabla ya mwanzo.

"Dada Priska," alisema Pamela, binti aliyecheza mke wa Gidioni, "huyu mume uliyenipa hana hata chunjua. Hakosei, hakasiriki, anasali kabla ya kunywa maji. Nikimlilia nani ataniamini?"

"Kwani mtu mwema haruhusiwi?"

"Wema gani, hajawahi kushindwa na kitu! Mpe doa, dada. Tena siyo la kwamba anakoroma. Doa litakalomnyima kitu anachokitaka."

Wanywaji wakapiga makofi. Mmoja akasema apewe wanawake wawili, mwingine apewe wizi wa kuku. Priska akacheka nao, lakini doa alikuwa ameshalipata. Alikuwa nalo miaka minne, la kaka yake Filemon.

Bei ya kahawa ilipoporomoka, Filemon aling'oa mibuni ya baba yao kule Uru, akapanda nyanya za kupeleka Himo. Mzee akaacha kusema naye, naye akahamia huko huko Himo. Mzee alipofariki, Filemon hakuonekana mazikoni. Watu wakaambiwa gari limemharibikia njiani, wakaamini. Priska peke yake ndiye aliyeambiwa ukweli, na Filemon mwenyewe, huku analia kama mtoto. Hakuna gari lililoharibika. Alifika. Alipofikiria macho ya watu na ile mibuni, miguu ikagoma, akajificha kwenye migomba ya jirani na kutazama kutokea huko. Wenzake walipotupa udongo kaburini, yeye aliutupa wake kwenye shina la mgomba.

Priska akampa Gidioni yote hayo, hata ule udongo. Mibuni tu ndiyo aliyoigeuza, ikawa ng'ombe aliyeuzwa bila ruhusa, akajiona amemficha kaka yake vya kutosha.

Siku ya mchezo ukumbi wa kigango ulijaa mpaka madirishani. Gidioni alipoinama kuchota udongo, hata watoto walinyamaza. Pamela alilia machozi ya kweli. Priska, nyuma ya pazia, aliwachungulia watu wakijipangusa macho, akajisikia raha ambayo hakuwahi kuipata kwa mbege wala kwa umbea.

Ndipo Mzee Eliona, jirani yao wa Uru, aliposimama.

"Ala! Kumbe lile sweta la njano! Siku ile tunamzika mzee wao niliona sweta la njano kwenye migomba yangu, nikasema mwizi wa ndizi huyo. Kumbe Filemon!"

Ukumbi uliangua kicheko kimoja kirefu. Filemon alikuwa benchi la tatu. Alivaa kofia yake, akatoka taratibu, akipisha magoti ya watu.

Kufika Jumatano, sokoni walikuwa wanamwita Sweta la Njano. Ijumaa Priska akaletewa habari kwamba kaka yake anafungasha. Anahamia Mabogini kulima mpunga, na kihamba cha baba, shamba la ukoo, pamoja na kaburi lake, kibaki na nyasi.

Priska alifunga biashara mchana kweupe, jambo ambalo wateja hawakuwahi kuliona, akapanda Uru na jani la isale alilolipiga fundo. Kwao, mtu akikuletea isale kuomba radhi humrudishi nalo, hata kama alikuchomea nyumba.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Filemon alikuwa anafunga magunia uani. Aliliona jani, akajifuta mikono kwenye suruali, akalipokea. "Haya, nimepokea. Nenda."

"Kwa hiyo hutahama?"

"Nimesema nimepokea, sikusema nabaki. Priska, ule mchezo niliutazama vizuri. Gidioni ana doa. Mke wake ana mdomo. Hata baba ana kisirani chake. Dada yake tu ndiye hana kitu. Anauguza, anapika, analia vizuri. Dada wa wapi huyo?"

Priska angeweza kuondoka. Radhi ilishapokelewa, na lile jingine halikujulikana na mtu yeyote aliye hai. Alitazama kaburi la baba pale katikati ya masale yaliyopandwa kulizunguka, akanyoosha mkono, akalichomoa jani kutoka mkononi mwa kaka yake.

"Unafanya nini wewe? Isale halinyang'anywi!"

"Umelipokea kabla hujajua. Siku tatu kabla hajafa, baba alikuita."

Filemon aligeuka kutazama kaburi.

"Alisema, 'Mwambieni Filemon aje. Nyanya zake nimezionja, ni tamu.'"

"Nani alimpa nyanya zangu?"

"Mimi. Nilimpikia mchuzi."

"Na hukuniambia."

"Nyumba ilijaa watu, kaka. Kila aliyeingia alisema Priska ndiye mtoto, huyo mwingine ni jina tu. Nikasema nitatuma mtu kesho. Nilitaka siku moja tu zaidi. Kesho yake baba akawa hasemi tena."

Filemon alikaa juu ya gunia, likabonyea. Priska akamnyooshea jani upya. Mkono ulimchoka, akausaidia kwa wa pili. Filemon hakulipokea.

"Mnacheza tena lini?"

"Jumapili. Parokiani."

"Watu wa Uru watakuja?"

"Wote."

"Basi dada wa Gidioni naye apewe lake. Na maneno ya baba yasemwe kama alivyoyasema. Halafu hilo jani uniletee pale pale, mbele ya Mzee Eliona na kicheko chake."

"Na ukinikatalia mbele za watu?"

"Sijui, Priska. Kweli sijui."

Akageuka, akaendelea na magunia. Njiani kushuka Rau watu watatu walitaka kumsimamisha Priska wampe habari, naye hakusimama.

Pamela na wenzake walikuwa wameshakaa nyuma ya nyumba wakimngoja, na wanywaji wawili watatu waliojifungulia mlango wenyewe.

"Dada, kuna mabadiliko?"

"Dada wa Gidioni. Nitamcheza mimi."

"Hatimaye!" mnywaji mmoja akapiga kelele. "Umempa doa naye?"

Wakashangilia, wakagongana kata. Priska akaingia ndani, akalitia jani la isale kwenye kikombe cha maji, lisinyauke kabla ya Jumapili.