Chini ya Gari la Mjomba

Kidole cha fundi Hosea kilizama kwenye chuma kama kinavyozama kwenye mkate wa kumimina. Khairiya, aliyechutama kando ya gari lake akichungulia, alidhani ni tope.

"Tope lingekuwa afadhali," fundi alimjibu kutoka chini. "Hii ni chasisi, mama. Uti wa mgongo wa gari. Umeoza."

Aligonga kwa mpini wa bisibisi, na magamba mekundu yakamwagika kifuani mwake kama maganda ya mti. Rangi nyeusi nzito ilikuwa imebaki ikishikilia umbo la chuma, na chuma chenyewe hakikuwapo. Khairiya aliingiza mkono akagusa. Kipande kikubwa kama sahani kilimeguka, kikabaki kiganjani. Alikitazama. Alikuwa amekuja gereji kwa sababu ya mlio mdogo wa kushoto kila akikata kona, akitegemea kuambiwa abadilishe bushi, kisha arudi zake nyumbani Mabawa kupika.

Gari lile kubwa la viti vinane lilikuwa limekwisha kumfundisha uvumilivu. Tangu yeye na mumewe Soud walinunue ili wapeleke wageni msitu wa Amani kutazama ndege, haukupita muda bila gari kudai kitu. Rejeta ilichemka kwenye mlima wageni wakiwa ndani. Wakabadilisha rejeta. Zikafuata shokapu, zikafuata nozeli, kisha giaboksi ikaanza kuteleza. Dizeli lilikunywa kama lililofunga mwezi mzima. Hata hivyo wageni walikuwa wanapatikana, na Khairiya alihesabu kwamba msimu mmoja mzuri ungerudisha bangili zake za mahari, maana ni hizo zilizouzwa likanunuliwa gari.

Hosea alitoka chini akijipangusa. Akamuuliza siku ya kununua ni nani aliyeingia huku kuangalia.

Hakuna aliyeingia. Muuzaji alikuwa Mzee Ahmada wa Mkwaja, mjomba wa Soud, mtu aliyemlea. Khairiya alitaka waende na fundi, Soud akamkatalia kwa sauti ya chini, ile anayoitumia akiwa ameudhika kweli: utampelekea mjomba fundi, umwambie umekuja kukagua uongo wake? Kwao Pemba kitu cha mkubwa hupokewa kwa bismillahi. Ufunguo uliletwa kwenye sahani pembeni ya halua, Soud akambusu mjomba mkono, wakaondoka bila hata kufunua boneti.

"Nyinyi Wapemba mtaheshimiana mpaka mfe," alisema Hosea. "Sisi Washambaa tungeingia chini hata kama anayeuza ni askofu."

"Litatengenezeka kwa kiasi gani?"

"Chasisi nyingine na kazi yake ni zaidi ya bei ya gari lote. Kuchomelea siwezi, hakuna chuma cha kushika moto. Na nisikusikie umepanda nalo Amani. Litakatika katikati. Wa mbele watafika, wa nyuma utawafuata na machela."

Khairiya alilirudisha nyumbani taratibu, akihisi kila shimo la barabara kwenye meno yake. Soud alimsikiliza mpaka mwisho. Hakwenda kuangalia. Alisema tu kwamba mafundi wana maneno mengi, na kwamba Ijumaa mjomba atakuja kula, naye Khairiya asiguse habari hiyo.

Ijumaa mjomba alikuja. Khairiya alimwamkia shikamoo, akampakulia, akangoja anawe mikono, kisha akakiweka kile kipande cha kutu mezani mbele yake na kumwambia kilikotoka.

Soud aliinamisha kichwa. Mzee Ahmada aliinuka, akavua kofia, akatoka uani, na kabla mtu hajamshika alikuwa amelala chali kwenye saruji na kanzu yake nyeupe ya msikitini, anajivuta chini ya gari. Mzee wa miaka sabini. Walisikia akigusa huku na huku. Walisikia magamba yakidondoka. Alipotoka, kifua cha kanzu kilikuwa chekundu.

"Wallahi sikujua," alisema.

"Umelitumia miaka yote hiyo, mjomba," alisema Khairiya.

"Nimelitumia. Sikuliangalia. Lilikuwa la baba mkwe wangu, marehemu, wa Pangani. Alikuwa anapakia samaki na kamba wa barafu humu nyuma, maji ya chumvi yanavuja sakafuni usiku na mchana. Kisha akalipaka rangi, akaniuzia." Alimtazama Khairiya kama anayemwomba msaada. "Ningeingiaje chini ya gari la baba mkwe?"

"Mungu amrehemu," alisema Soud.

"Amrehemu," alisema Khairiya, na hakuwa na hakika kama alikuwa anaomba au anatukana.

Fedha mzee hakuwa nayo tena. Ilikwisha kwenye matibabu ya mkewe, na hilo wote walilijua. Alikaa kizingitini akikung'uta kanzu, akaondoka bila kunywa kahawa.

Jioni Soud alipiga simu. Khairiya alikuwa anaosha vyombo, akamsikia akizungumza na Tahiri, mdogo wake, ambaye kwa muda mrefu alikuwa analitamani gari lile kwa biashara yake ya nazi. Alisikia bei ikitajwa. Ilikuwa ileile waliyonunulia. Sahani ilimponyoka mkononi, ikazama kwenye maji ya sabuni.

"Unamuuzia mdogo wako?"

Soud alisema Tahiri ni kijana, atajua la kufanya. Akasema yeye hakumdanganya, hakuulizwa. Akasema na bangili zako utazipata. Khairiya alikuwa ameishi na mtu huyu, mtu asiyekosa swala, na alikuwa anamwona kwa mara ya kwanza.

Tahiri alifika asubuhi na fedha kwenye begi la mgongoni, akacheka, akambusu kaka yake mkono. Ufunguo ulikuwa tayari mezani.

"Kalitazame chini kwanza, shemeji," alisema Khairiya.

"Aa, shemeji. Nimkague kaka?"

Soud alimwita mkewe kwa jina, mara moja, kwa ile sauti ya chini.

Khairiya aliuchukua ufunguo mezani, akatoa mkeka sebuleni, akautandika uani, akausukuma mpaka nusu yake ikaingia chini ya gari. Zile bangili alizivalishwa na bibi yake, mikono miwili, siku ya harusi. Begi lile lilikuwa na uzito wa bangili hizo hasa.

"Lala, Tahiri. Na hii bisibisi. Usipolala, ufunguo huu nautupa chooni."

Tahiri alimtazama kaka yake, kaka akatazama ukuta. Tahiri akalala. Bisibisi iligonga mara chache, kisha ikaingia bila mlio.

"Kaka," sauti ilitoka chini, haina kicheko tena. "Hebu njoo. Njoo uone."

Soud alisimama pale mpaka jasho likamtiririka shingoni. Kisha akavua viatu, akapiga magoti na kujilaza ubavuni mwa mdogo wake. Khairiya aliiona miguu minne ikitokeza kwenye mkeka, na akamsikia mumewe, huko chini, akivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji ya baridi.

Alichukua simu akampigia Hosea, akamwambia aje na watu wake walifungue gari kipande kwa kipande, wauze injini, viti na matairi. Kisha akaliokota begi la Tahiri, akalifunga vizuri zipu, akaliweka kwenye mkeka karibu na miguu ya mwenye fedha.